Nilivyoikompaili Emacs 29 kwenye Debian 12

Debian 12, mfumo endeshi wa Linux ninaoutumia, ilitoka Juni 2023 ikiwa na kihariri cha maandishi cha Emacs, toleo la 28.2. Mwezi uliofuata ikatoka Emacs 29, na ndani yake mlikuwa na kitu nilichokisubiri sana: tree-sitter, maktaba inayokiwezesha kihariri kuuchambua msimbo kwa muundo wake wa kisarufi badala ya kubahatisha rangi kwa kufananisha maandishi. Debian thabiti haipandishi matoleo makubwa ikishatoka, na ni kwa utulivu huo ndiyo maana ninaitumia, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kulalamika. Zipo njia nyingine za kuipata Emacs mpya. Mimi nilichagua kuikompaili, yaani kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, kwa sababu nilitaka kuamua mwenyewe kipi kiingie na kipi kibaki nje.

Nilichukua toleo la 29.4, la Juni 2024, lililotolewa haraka kuziba tundu la usalama. Kwenye ftp.gnu.org, pembeni ya `emacs-29.4.tar.xz`, kuna faili ya sahihi ya kidijitali yenye kiambishi `.sig`. Nilipakua zote mbili, nikaongeza `gnu-keyring.gpg`, faili ya funguo za kuhakikia sahihi hizo, kisha nikahakiki:

`gpg --verify --keyring ./gnu-keyring.gpg emacs-29.4.tar.xz.sig emacs-29.4.tar.xz`

Wengi huiruka hatua hii. Machi mwaka huohuo iligundulika kwamba xz, programu ileile inayofungua faili za namna hii, ilikuwa imewekewa mlango wa nyuma katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na kipande kilichouamsha kilikuwa ndani ya faili la kupakua tu, hakikuwemo kwenye hazina ya Git inayotunza msimbo wa mradi. Kusema kweli, sahihi isingemnasa aliyeuweka mlango huo, kwa maana alikuwa mmoja wa watunzaji wa mradi wenyewe. Inamnasa anayekubadilishia faili njiani, nami sioni kwa nini nimwachie nafasi huyo naye.

Mahitaji yalipatikana kwa `sudo apt build-dep emacs`, amri inayovuta kila kilichotumika kuijenga Emacs ya Debian. Inafanya kazi iwapo `sources.list`, faili inayoorodhesha vyanzo vya vifurushi, ina mistari ya `deb-src`. Ila amri hiyo inaijua 28.2, isiyo na tree-sitter, hivyo `libtree-sitter-dev` niliiongeza kwa mkono. Hiyo `-dev` mwishoni ndiyo inayowachanganya wengi. Unaambiwa gnutls, maktaba ya mawasiliano salama ya mtandao, haipo, ukiangalia unaiona imesakinishwa. Iliyopo ni maktaba ya kuendeshea programu. Faili za `.h` na `.pc`, ambazo kompaila na skripti huzitafuta wakati wa kujenga, hukaa kwenye kifurushi chake cha `-dev`.

Kisha nikaifungua faili, nikaingia ndani, nikaendesha `configure`, skripti inayokagua kilichopo kwenye kompyuta na kupanga ujenzi:

`./configure --prefix=$HOME/.local --with-pgtk --with-tree-sitter`

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu huiogopa `make`, amri inayofanya ujenzi wenyewe, kwa sababu inamwaga mistari mingi kwenye terminali, lakini `make` haiamui lolote. Inatekeleza yaliyokwisha kuamuliwa na `configure`. Na skripti hii ina tabia mbili tofauti. Kuna vitu ikivikosa inagoma: gnutls isipokuwepo inasimama, inakutajia jina lake, na inakuonyesha chaguo la kuandika kama huitaki. Kuna vingine ikivikosa inaviacha kimya na kuendelea. Mwisho unapata Emacs nzima, inayofunguka vizuri, isiyo na kile ulichoihangaikia. Kwa hiyo kabla ya `make` nilisoma muhtasari unaochapishwa mwishoni, mstari kwa mstari, mpaka nikaufikia huu:

`Does Emacs use -ltree-sitter?    yes`

Ungekuwa `no`, ningerudi kwenye vifurushi papo hapo. Skripti ikigoma bila maelezo ya kueleweka, jibu huwa kwenye `config.log`. Faili hiyo ni ndefu, na usianzie juu: tafuta maneno `Cache variables`, kisha panda mistari michache kutoka hapo. Kosa halisi huwa karibu.

Chaguo mbili zilizobaki zina sababu zake. `--with-pgtk` ni kwa anayetumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, kwani maandishi hayafifii skrini ikikuzwa. Kwenye X11, mfumo wa zamani, iache, Emacs yenyewe itakuonya. `--prefix=$HOME/.local` inaziweka faili zote kwenye folda yangu, hivyo sikuhitaji `sudo` wala sikugusa kitu chochote kinachosimamiwa na apt, kisimamizi cha vifurushi cha Debian. Naipenda njia hii kuliko `/usr/local`, hasa kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

`make -j$(nproc)` ilipita bila kisa. Faili nyingi za Lisp huja zikiwa zimeshakompailiwa ndani ya toleo rasmi, kwa hiyo kinachobaki ni kile kiini cha C.

Kabla ya kusakinisha niliijaribu palepale ilipojengwa kwa `src/emacs -Q`, yaani bila mipangilio yangu. Nikabonyeza `M-:` (Alt pamoja na `:`), nikaandika `(treesit-available-p)`, ikajibu `t`, yaani ndiyo. Baada ya hapo ndipo `make install`. Bash hukumbuka njia ya zamani ya programu, kwa hiyo `hash -r` inaifuta kumbukumbu hiyo. Na kama `~/.local/bin` haikuwepo kabla, toka na uingie upya ili `.profile` iione. Folda ya msimbo sikuifuta, maana apt haijui lolote kuhusu usakinishaji huu. Debian 13 ilipokuja Agosti 2025 na Emacs 30.1 yake, niliingia kwenye folda ileile nikaandika `make uninstall`.

Hata hivyo, maktaba ya tree-sitter peke yake haijui lugha yoyote. Kila lugha ina sarufi yake, nayo pia hukompailiwa, safari hii kutoka ndani ya Emacs kwa `M-x treesit-install-language-grammar`. Debian 12 ina tree-sitter 0.20, inayosoma sarufi za ABI (toleo la muundo wa sarufi iliyokompailiwa) 14 kushuka chini, wakati sarufi mpya zimehamia ABI 15 na zinakataliwa kwa `version-mismatch`. Dawa ni kutaja toleo la zamani kwenye mipangilio:

`(setq treesit-language-source-alist '((python "https://github.com/tree-sitter/tree-sitter-python" "v0.20.4")))`

Nikairudia amri, ikatengeneza `libtree-sitter-python.so` ndani ya `~/.emacs.d/tree-sitter`, na `M-x python-ts-mode` ikawaka bila onyo.