Aya ambayo haikupakwa rangi

Mwaka 2016 nlikuwa napanga chumba Soweto hapa Moshi, tasnifu ya masters nishamaliza, nikatuma makala yangu ya kwanza kwenye jarida la nje. Ilihusu mifongo, ile mifereji ya Wachagga inayochepusha maji mtoni na kuyashusha mpaka kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Wiki tatu mbele imeili ikaingia, makala imerudishwa hata wahakiki hawajaigusa, imefanana na maandishi ya watu wengine kwa asilimia 38, na ripoti ya programu ya kukagua kunakili wameambatanisha, kila palipofanana pamepakwa rangi nyekundu, bluu au zambarau.

Nilikasirika kwa kweli. Mimi sijaiba, kila aya mwishoni nimeweka jina la mwandishi na mwaka, sasa wanataka nini tena? Nikadandia bodaboda mpaka kwa msimamizi wangu, shikamoo yenyewe haijaitikiwa vizuri nishaanza kulalamika. Yeye akanyamaza tu, akaprinti ripoti na ile makala niliyoitegemea, akaziweka mezani ubavu kwa ubavu.

"Hiyo 38 isikutishe mwanangu, ile programu inatafuta maneno yanayofanana tu, hata orodha yako ya marejeo imeihesabu. We soma hapa."

Nikasoma, na mikono ikaanza kutoka jasho. Aya nzima ya mgao wa maji ilikuwa ya yule mwandishi, sentensi kwa sentensi, kwa mpangilio uleule, mi nimebadili vitenzi vitatu vinne basi. Jina lake lipo mwisho wa aya ila alama za kunukuu hakuna, kwa hiyo msomaji ataamini wazo ni la yule bwana ila maneno ni yangu, na huo ndo uongo wenyewe. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nakopi vipande naviweka kwenye faili moja la noti bila kuandika kipi kimetoka wapi, baada ya miezi sita sentensi yangu na ya mtu mwingine huwezi kuzitofautisha. Kipande cha mbinu za utafiti nacho kilitoka kwenye tasnifu yangu, hicho akasema mwandikie mhariri umweleze wazi kimetoka huko.

Alafu akasema, "Funga laptopu. Nieleze kwa Kiswahili huyu bwana anasema nini."

Nikaishia njiani. Pale niliponakili ndo palepale nilipokuwa sijaelewa, na nimekaa na hiyo makala mwaka mzima!

"Na siku ukiweza kueleza usidhani imeshakuwa yako," akasema, "hata ukitafsiri, jina la mwenyewe linabaki."

Nlidhani tumemaliza, kumbe bado. Akafungua ukurasa wa saba, kulikuwa na aya nyeupe kabisa, haina rangi hata tone: jinsi maji ya usiku yanavyokusanywa kwenye bwawa dogo la udongo, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na asiyetokea siku ya kuchimba mfereji anarukwa. Nlikuwa naipenda sana ile aya.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kuna mzee kule Old Moshi alinieleza, tulizunguka naye kutwa nzima."

"Yuko wapi humu ndani?"

Hakuwepo. Nilikuwa nimeandika "utafiti wangu ulibaini". Programu isingemkamata mtu kwa hilo, yule mzee hajawahi kuchapisha chochote, na sikuwa na cha kujibu.

Jumamosi nikapanda gari ya Old Moshi. Nilimkuta mzee kwenye migomba anakata majani ya ng'ombe, nikamwambia ukweli wote, kwamba maneno yake nimeyaandika kama yangu na nimekuja kuuliza anataka atajwe vipi, maana kwenye fomu ya ridhaa tuliandika majina hayatatajwa. Akaweka panga chini, akanitajia majina yake matatu taratibu huku anachungulia daftari kama nimeyaandika sawa.

"Na la baba yangu liweke," akasema, "yeye ndo alinionyesha."