Mgongo wa Baba

Jumapili, saa nne na robo usiku

Nimemgeuza Baba sasa hivi, ameelekea dirishani. Saa sita nitamgeuzia ukutani, saa nane kaka atashika zamu. Ni mwezi wa pili tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, na usiku wa nyumba hii sasa unahesabiwa kwa kugeuza.

Nina miaka 11 ya uuguzi, wodi ya wanaume. Kule navuta pazia, navaa glavu, nasema, "Mzee, naomba tugeuke," na kazi inakwenda. Siku ya kwanza nilipomfunua Baba, alijifunika uso kwa mkono wake mzima. Hakusema neno. Nikamrudishia shuka, nikaenda kukaa jikoni.

Tukakubaliana kaka ndiye amwogeshe. Lakini kaka ni fundi magari, hajui atafute nini, na kidonda cha kulala hakipigi hodi. Huanza pale mfupa ulipo karibu na ngozi: juu ya makalio, nyonga, kisigino, hata kisogoni. Uzito wa mwili unabana mishipa midogo, damu haipiti, na pengine nyama ya ndani huwa imeshakufa ngozi ingali nzima juu.

Chuoni tulifundishwa kutafuta wekundu: bonyeza kwa kidole, usipopauka ujue kuna hatari. Kwenye ngozi nyeusi kama ya Baba wekundu huo hauonekani vizuri. Pengine pataonekana pameiva weusi kuliko pembeni, pengine hutaona kitu. Kinachokuambia ni mkono: pana joto, pamekuwa pagumu, au panabonyea. Nililijua hilo kazini, ila sikuwahi kulishukuru kama sasa, kwa sababu mkono hauhitaji kumfunua mtu. Kikoi kinabaki juu yake, mgongo wa kiganja changu unapita chini. Baba anatazama ukuta. Kinachotaka macho, kama mchubuko au unyevu, kaka anaangalia kwa tochi akimwogesha, na sasa amekuwa hodari.

Jumatano nilikuta kisigino cha kulia kina joto, kinabonyea kama embe lililoanguka. Kosa lilikuwa langu: niliweka mto chini ya kisigino chenyewe badala ya chini ya kigimbi ili kisigino kining'inie. Niliumia sana, maana hilo nawafundisha wanafunzi. Shangazi akaja na mafuta ya nazi apasugue. Nikamwambia, "Shangazi, hapo pakisuguliwa pataumia zaidi." Akanielewa, mafuta akampaka mikononi.

Na wageni! Wanakuja kwa mapenzi, wanamvuta mkono wa kulia wamwinue akae. Bega lililopooza misuli yake haina nguvu ya kulishikilia, likivutwa linaweza kuteguka. Siku hizi Mama anaketi upande ule ule, hapafikiki.

Kumgeuza hatumburuti. Shuka iliyokunjwa inalala chini yake, kaka huku, mimi kule, tunamwinua kwa pamoja, kisha mto nyuma ya mgongo ili alale mshazari, uzito usiangukie nyonga yote.

Leo usiku nilipopiga magoti kando ya kitanda, sijasema kitu bado, Baba alinyanyua upindo wa kikoi kwa mkono wa kushoto, akaushikilia. Nikapitisha mkono. Mgongo mkavu, makalio laini. Kisigino joto lake sawa na la mwenzake.