Beseni la bluu

Kuna neno dada alilisema Jumamosi pale Mwaloni, soko letu la dagaa, na mpaka leo halijanishuka.

"Hebu lete lile beseni la bluu, lenye ufa pembeni."

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo. Kulwa kachaguliwa kidato cha tano, baba mdogo kavuka daraja la Kigongo–Busisi mara ya kwanza na hachoki kusimulia. Mimi bado niko kwenye beseni.

Lile ni beseni la mayu, mama yetu. Tangu tukiwa wadogo, na hata baada ya kumzika, hakuna kati yetu aliyewahi kuliita vingine. Dada aliposema "lile beseni" macho yangu yalishatua juu yake. Aliposema "la bluu" yakaondoka, yakaanza kuzunguka kwenye maturubai ya dagaa kutafuta beseni jingine. Nikabaki nimesimama, mikono mitupu.

"Si hilo hapo mbele yako!"

Usiku nikafukua daftari zangu za isimu. Mwaka 1986 Herbert Clark na Deanna Wilkes-Gibbs waliwakalisha watu wawiliwawili na maumbo 12 yasiyo na jina, mmoja aeleze, mwenzake ayapange, mizunguko sita. Mwanzoni umbo moja lilihitaji maelezo marefu; mwishoni maneno machache yalitosha, kwa sababu wameshapatana. Ila kilichonishika ni cha mwaka 2003, cha Charles Metzing na Susan Brennan. Waligundua kwamba yule yule mliyepatana naye akikiita kitu kwa jina jipya bila sababu, macho ya msikilizaji huchelewa kukifikia. Mgeni akilitumia jina hilo hilo, hayachelewi.

Nilisoma hapo mara nyingi. Mteja angesema "la bluu" ningelinyanyua palepale. Kwa dada nilichelewa kwa sababu ni dada. Sikio langu lilimwamini: kama kaacha kusema la mayu, basi anataka beseni lingine. Na kama hataki lingine, je, mayu kamtoka mdomoni?

Jana wakati wa kuosha vyombo ndipo nilipokumbuka kwamba nyuma yangu alikuwepo yule binti mpya wa kuanika dagaa. Hakumjua mayu. Angeambiwa "la mayu" angebaki anatutazama. Dada alisema kitu ambacho hata yeye angekiona kwa macho, na ndivyo alivyo dada, hapendi mtu asimame pembeni ya maongezi kama mgeni. Kifua kimepungua uzito. Ingawa wakati anasema alikuwa ananitazama mimi.

Simuulizi. Nitasubiri siku tuwe wawili, nisikie atakavyolitaja.

Mbalamwezi imeshaanza, na taa za wavuvi hazivuti dagaa kwenye mwanga huo. Siku hizi mitumbwi ya dagaa italala ufukweni, kizimba kitakuwa kitupu, na kodi ya mwezi huu haijafika hata nusu.