Msimwage zege juu ya nyumba za wazee: tulivyoiokoa yetu Mji Mkongwe

Ukiwa na nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa Zanzibar, kila mtu fundi. Jirani fundi, muuza kahawa fundi, ami yangu aliyestaafu bandarini naye fundi. Na dawa yao wote ni moja: "Vunja hilo dari, mwaga zege, upumzike." Nimeyasikia maneno hayo mpaka yamenikera, na naandika kwa sababu najua leo yupo mtu mbele ya ukuta uliotota anaambiwa hayo hayo. Usivunje. Yetu ipo, kavu, na watu wanalala ndani.

Nyumba yenyewe ni ya bibi mzaa baba, iko mtaa wa Kiponda. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake zaidi ya nusu mita. Dari za boriti za mikandaa, miti ya jamii ya mikoko. Vyumba virefu na vyembamba, maana boriti ya mkandaa haivuki sana zaidi ya mita tatu, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini nyumba zote za mji huu zina vyumba vya namna ile.

Tarehe 25 Disemba 2020 Beit el Ajaib, lile jumba la kifalme la hapa mjini, iliporomoka upande mmoja, nayo ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Hapo ndipo ukoo wetu ulipoingiwa na hofu. Ndugu zangu walioko Muscat wakawa hawalali. "Jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883 limeanguka, sembuse letu?" Hofu yao niliielewa kabisa. Nilichokikataa ni dawa yao.

Kabla sijaachiwa mimi kazi ya nyumba, ami alishaleta fundi wake. Akakwangua chumba cha chini, akapiga lipu ya saruji, laini, inang'aa, kila anayeingia anasifu. Ikaja masika. Lipu ikaanza kuvimba, ukigonga kwa kidole unasikia uwazi ndani. Halafu ikabanduka vipande vizima vizima, na kila kipande kimebeba mawe ya ukuta mgongoni. Nilikiokota kimoja nikakigeuza: chokaa ya wazee iliyokuwa nyuma yake imekuwa laini kama uji. Na unyevu uliokuwa unaishia magotini sasa umepanda hadi usawa wa dirisha. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu, na chumvi inakaa ndani inautafuna ukuta. Fundi yule alipoitwa akasema tatizo ni saruji kidogo, aongezewe mifuko. Nikamshukuru, nikamlipa chake, akaenda zake.

Juu nako kulikuwa na ugomvi mwengine. Ukuta wa ghorofa ya kwanza ulikuwa haukauki hata kiangazi, na nyumba nzima ilishahukumu kwamba maji yanatoka choo cha jirani. Salamu zilikuwa zimeanza kupungua. Nikaenda dukani nikanunua bluu, ile ile ya kutilia kanzu, nikamwendea Bi Mkubwa wa nyumba ya pili nikamwomba ruhusa. Mama yule ana moyo, akanifungulia mwenyewe. Nikakoroga ndoo nzima, nikaimwaga chooni kwake, tukasubiri. Ukuta wetu mweupe vile vile. Siku nyengine nikamwaga chooni kwetu. Hakuna kitu. Nikapanda juu ya paa, pale mabati yetu yanapokutana na ya upande wa pili, kuna mfereji wa bati ambao hakuna aliyekuwa anaukumbuka. Majani na matope yalikuwa yameujaza. Nikamwaga bluu, nikafuatisha maji mengi. Kulipokucha naitwa kwa makelele: bluu imechomoza kwenye kidaka, kile alimokuwa bibi akipanga sahani zake za sini, imeteremka mstari mzima mpaka chini! Ami alitazama, hakusema neno. Jioni akaenda kwa Bi Mkubwa na halua na maneno mazuri. Mfereji ukabadilishwa kwa pesa kidogo tu, ndogo kuliko ya mifuko ya saruji iliyopotea chini. Basi mtu akikuambia ukuta unavuja, mwambie asiguse ukuta kwanza, atafute maji.

Kazi ya chokaa niliipata kwa mzee mmoja mwashi, ambaye wengi walidhani ameshaacha kazi. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Mwanangu, una haraka?" Nikamjibu, "Sina, babu." Akakubali. Tukachimba shimo uani, tukazima chokaa kwa maji. Jihadharini hapo, chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka kwelikweli, ikikurukia jichoni ni hatari. Ikalala shimoni chini ya maji kwa miezi, na kila jamaa aliyepita aliniuliza kama nafuga kambale. Ilipoiva ikawa nyororo, inakatika kwa mwiko bila kushika. Kipimo chake ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga uliooshwa, si wa pwani wenye chumvi. Ukuta unaloweshwa kwanza, lipu inapigwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na magunia mabichi yanatundikwa mbele yake jua lisiikaushe upesi. Mzee alikuwa akipita na kuugusa ukuta kwa mgongo wa kiganja, akikuta pamoto ananinyooshea ndoo.

Boriti nyingi zilikuwa nzima katikati, zimeoza ncha tu, pale zilipoingia kwenye ukuta uliotota. Hatukuzitoa. Tulipitisha mhimili wa mbao ngumu sambamba na ukuta, umekaa juu ya vishikizo, ukazipokea zote. Sasa hebu fikirini zege lingekaa wapi? Kuta hizi zilijengwa kubeba mikandaa na chokaa, hazikujengwa kubeba mzigo wa zege la siku hizi. Hata tanki la maji tuliliteremsha. Lita 1,000 ni tani nzima, na lilikuwa limekaa miaka juu ya vichwa vyetu. Liko uani, pampu inapandisha kwenye kitanki kidogo.

Upande wa nyuma, ambako chumba kilishaanguka zamani, ndugu zangu walitaka kirudishwe kama kilivyokuwa. Hapo nilimsikiliza msanifu kijana, na nafurahi. Alichora kitu kipya waziwazi: nguzo za chuma zinazosimama kwenye msingi wake, sakafu ya mbao, ngazi nyepesi, choo na jiko vimepangana juu kwa chini ili mabomba yote yapite sehemu moja, nje ya ukuta wa matumbawe, likivuja moja unaliona. Baina yake na ukuta wa zamani kuna upenyo uliofunikwa kioo, mwanga unashuka hadi chini. Michoro ikapelekwa Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya nyundo ya kwanza. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata usingekuwapo, kibali ni kibali. Wapo wanaodhani kuhifadhi ni kukataa kila kipya. Waje wapande ile ngazi.

Gharama siwezi kuitaja kwa shilingi, ilikuja vipande vipande, mara ya Muscat, mara ya mfukoni, mara ya kupangisha chumba. Vyuma na mbao ndivyo vilivyokula. Chokaa ni rahisi, unalipia subira.

Kilichobaki ni mlango wa mbele. Wanunuzi wameshakuja kuutaka, wanasema watatuwekea mpya wa kuchonga usio na mchwa. Hatuuzi. Mchwa umekula kizingiti na sehemu ya chini ya fremu, nakshi zake zote nzima, na seremala ameshapima kipande cha kuungia. Anaanza masika yakimalizika, mbao ikishakauka.