Siku kompyuta ya ofisini iliporudi mwaka 2002

Enzi hizo nilikuwa nahariri ripoti ndefu, mchana ofisini, usiku nyumbani. Kompyuta niliyopewa kazini ilikuwa kuukuu na haikuunganishwa na mtandao wowote, kwa hiyo kila kitu kilipita kwenye flashi. Kuhamisha faili kwa mkono kulinichosha mapema, nikaweka programu ndogo ya kusawazisha kwenye mashine zote mbili. Kanuni yake ilikuwa moja: inalinganisha folda ya kompyuta na ya flashi, na faili lenye tarehe ya karibuni zaidi linafuta lile la zamani. Asubuhi naiendesha nikifika, jioni naiendesha kabla ya kuondoka.

Ilikuwa na visa vyake. Karibu kila siku iliniorodheshea faili ambazo sikuzigusa, ikidai zimebadilika. Sababu ni kwamba flashi yangu ilitumia FAT, mfumo wa kupanga faili ambao huandika saa ya kubadilishwa kwa faili kwa kuruka sekunde mbili-mbili, ilhali NTFS, mfumo wa kompyuta yangu, inahesabu hadi vipande vidogo kabisa vya sekunde. Faili lilelile moja, huku saa hii, kule saa nyingine kidogo. Nilizoea, kama unavyomzoea jirani mlalamishi.

Jumatatu moja nikakuta meza zote zimehamishwa. Mwisho wa juma watu walikuwa wamepanga chumba upya, na kompyuta yangu sasa ilikaa upande wa dirishani. Nilipoiwasha ilitoa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ikataka nibonyeze F1 ili iendelee. Ikaendelea. Nikasawazisha, kazi ya Jumapili usiku ikaingia salama, nikazama kwenye sura ya tatu.

Ile sura ilikuwa imenisumbua wiki nzima, na siku hiyo ilikubali. Nilivunja aya ndefu, nikahamisha sehemu ya pili ikawa ya kwanza, nikatengeneza jedwali jipya kwenye faili la peke yake. Alasiri bosi akaomba sura hiyo kwenye karatasi aisome. Yeye hasomi kwenye skrini. Nikamchapishia. Jioni nikaendesha programu yangu, nikachomoa flashi, nikaenda nyumbani.

Usiku nafungua sura ya tatu, nakuta ya Jumapili. Aya ndefu zimerudi, sehemu ya pili iko palepale pa zamani. Nikafunga, nikafungua tena. Ajabu yenyewe, jedwali jipya lilikuwepo, zima kabisa. Kama flashi imeharibika, mbona imeharibu kwa kuchagua? Ndipo nikaangalia tarehe ya lile jedwali: 1 Januari 2002. Mwaka huo kazi ile nilikuwa hata sijaiomba.

Nikampigia simu fundi wetu. Hakuniacha nimalize.

"Dada, hiyo mashine imechomolewa kwenye umeme hivi karibuni?"

"Wamehamisha meza."

"Basi betri ya saa imekufa."

Alinieleza polepole. Ndani ya kompyuta kuna betri bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3, inayoiendesha saa wakati umeme haupo. Ikiisha hutajua, maadamu kompyuta imechomekwa ukutani. Siku ikichomolewa tu, saa inarudi kwenye tarehe iliyowekwa na kiwanda. Kwa hiyo siku nzima nilihifadhi sura yangu kwa tarehe ya 2002. Jioni programu ikaona sura ya flashi ni ya juzi na ya kwenye kompyuta ni ya miaka mingi nyuma, ikafuta kazi ya mchana kwa uaminifu mkubwa. Jedwali lilipona kwa kuwa halikuwa na mwenzake wa kushindana naye.

Kilichoniokoa ni karatasi za bosi. Asubuhi nilizikuta mezani kwake zimejaa wino mwekundu, nikaketi kuziandika upya pamoja na masahihisho yake. Mistari niliyoongeza baada ya kuchapisha ilipotea moja kwa moja, na hadi leo naamini ndiyo iliyokuwa mizuri zaidi.

Fundi alifikiria kwanza rsync, programu ya kunakili faili ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, iliyotoka mwaka 1996, kisha akaiacha mwenyewe: ile inasukuma faili upande mmoja, na mimi nilikuwa nabadilisha pande zote mbili. Akaniwekea Unison, programu nyingine ya kusawazisha, iliyotengenezwa na Benjamin Pierce na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hii haiulizi nani ana tarehe ya karibuni. Inaweka kumbukumbu ya jinsi pande mbili zilivyokuwa mara ya mwisho zilipolingana, halafu inatafuta upande upi umebadilika tangu hapo. Zikiwa zimebadilika zote mbili, inasimama na kukuachia uamuzi.

Nilikuwa nimeshachoka kuamini programu, nikamwambia asiweke betri mpya kwanza. Tulisawazisha, nikafungua sura ya tatu hapo hapo kwenye kompyuta iliyodhani tuko 2002, nikaongeza sentensi moja, nikahifadhi, tukaendesha Unison tena. Mshale ukaelekea kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi. Fundi akazima mashine, akatoa bisibisi, akaanza kufungua kasha.