Siku tuliyokwenda kukagua chuo cha mionzi

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mpwa wangu alikuwa na C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Kwa anayeomba stashahada ya mionzi, yaani kazi ya kupiga wagonjwa picha za eksirei, masomo hayo matatu ndiyo yanayotazamwa kwanza. Dada yangu mkubwa, anayefanya biashara ya alizeti Kibaigwa, akanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe ndiye uliye kwenye kazi hiyo. Niambie chuo ambacho hela yangu haitapotea." Alikuwa na viwili mkononi. Kimoja hakikuwa mbali na Dodoma mjini, ada yake nafuu. Kingine kilikuwa nje ya mkoa, ada juu zaidi, lakini kimeshikamana na hospitali kubwa ya rufaa. Nikamwambia kijana apande basi aje, tukakione cha karibu kwa macho yetu.

Kabla ya kutoka tulifungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kwenye simu. Hapa wazazi wengi hukosea. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali, kikafundisha utabibu na famasi vizuri kabisa, na kozi ya mionzi ikawa haijapata ithibati. Kwa hiyo usitafute jina la chuo peke yake. Tafuta kozi yenyewe chini ya jina hilo, muda wake, ada, na idadi ya wanafunzi kinachoruhusiwa kuchukua. Anayemaliza kozi isiyotambulika hasajiliwi na baraza la wataalamu wa radiolojia, na bila usajili huo hawezi kufanya kazi hii kihalali hata awe hodari vipi. Kozi tuliyoitafuta ilikuwemo, tukaondoka na moyo mweupe.

Mkufunzi alitupokea vizuri. Madarasa masafi, kompyuta zipo. Tukaomba kuona chumba cha mazoezi. Mashine ilikuwepo, meza ipo, ila haikuwa imeunganishwa na umeme. Hilo halikunitisha, kwa sababu humo wanafunzi hujifunza kupanga mwili wa mwenzao bila kupiga mionzi: wapi pa kuelekeza kichwa cha mashine, mkono ulale vipi, alama ya kulia au kushoto iwekwe wapi. Lililonishtua ni aproni mbili za risasi, yaani ile metali nzito inayozuia mionzi, zilizokunjwa na kurundikwa juu ya kiti. Aproni ya risasi hutundikwa. Ukiikunja, kinga iliyo ndani, ambayo kwa kawaida ni sawa na risasi ya unene wa milimita 0.25 hadi 0.5, hupasuka kwenye mkunjo. Kwa nje huoni kitu, lakini mionzi inapita pale pale palipopasuka. Chuo kinachokunja aproni mbele ya wanafunzi kinawafundisha kukunja.

Nikaomba daftari la vitendo la mwanafunzi wa mwaka wa pili. Daftari hilo linakueleza chuo kuliko bango lolote. Kila picha inatakiwa iandikwe: tarehe, sehemu ya mwili, upande, kilovolti (nguvu ya mionzi), mAs (wingi wake), kama ilirudiwa na kwa nini, kisha sahihi ya msimamizi. Nilikuta kifua, mkono, kifua, kifua, mguu. Safu ya kilovolti na mAs ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. Safu ya picha zilizorudiwa nayo tupu, kana kwamba hakuna mgonjwa aliyewahi kutikisika wala kushindwa kuvuta pumzi. Sahihi za mwezi mzima zilikuwa za wino mmoja, zimepangana kama zimepigwa kwa mkupuo.

Mkufunzi alisema hospitali wanayokwenda ina mashine ya kidijitali inayojichagulia vipimo. Hapo nilimgeukia mpwa wangu nimweleze, maana jambo hili ni zito. Zamani kwenye filamu, ukizidisha mionzi picha inakuwa nyeusi na kosa lako linaonekana. Kwenye dijitali kompyuta inasawazisha mwanga, picha inatoka nzuri, na mgonjwa amekula mionzi zaidi ya alivyohitaji. Ukipunguza mno ndipo unapoona chengachenga. Asiyejua namba zake ataongeza kidogo kidogo kila siku ili akwepe chengachenga, na hakuna atakayemwambia.

"Hospitali hiyo inapiga picha wagonjwa wangapi kwa siku?" nikauliza. Kama 30, kwa mashine moja. Na wanafunzi wanaokwenda kwa zamu moja? 40. Hesabu hiyo haihitaji kalamu: hata mgonjwa mmoja kwa kila mwanafunzi hafiki, na anayejifunza kazi hii kwa kuchungulia mgongoni mwa wenzake hajifunzi.

Swali la mwisho lilikuwa la kijana mwenyewe, na nilifurahi alivyolikumbuka. "Shikamoo mwalimu, beji za kupimia mionzi tunapewa lini?" Akajibiwa kwamba beji ni za waajiriwa. Si kweli. Mwanafunzi anayeingia chumba cha mionzi anahitaji kupimwa kama mfanyakazi, tena mwenye miaka 16 hadi 18 kikomo chake ni milisiva 6 (kipimo cha mionzi anayoipata mtu) kwa mwaka, wakati mtu mzima kazini ni wastani wa 20. Mpwa wangu alikuwa na miaka 17.

Tulimpigia dada tukiwa bado kituoni tunasubiri daladala. Akauliza hiyo hela ya ziada inanunua nini. Nikamtajia: chumba cha picha za kawaida chenye foleni kubwa ya wagonjwa, CT inayopiga picha za mwili vipande vipande, mashine ya kuzunguka wodini, picha za mgonjwa aliye mezani kwa upasuaji, na msimamizi anayesaini picha aliyoiona. Kisha tukajumlisha hosteli, chakula, sare na nauli ya likizo, maana ada peke yake inadanganya. Akanyamaza, akapiga hesabu ya magunia yaliyobaki ghalani, akasema ataweza miaka yote mitatu endapo ada itapokelewa kwa awamu. Nikapiga simu chuo cha mbali: wanapokea kwa awamu nne, na beji mwanafunzi anapewa kabla hajaenda hospitali. Kwenye maombi kijana alikiweka cha kwanza, na kile cha karibu hakukiandika kabisa.