Taa Yangu Inakaa Puani pa Mteja, na Haijamuunguza Mtu

Nimechoka na ushauri wa "sogeza taa mbali, utamchoma mteja." Niliusikia Kariakoo siku nanunua softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa flashi, na mpaka leo mtu akiingia studio yangu ya picha hapa Tandika lazima ashangae. Flashi itamchomaje mtu, wakati inawaka na kuzima kabla hajapepesa jicho?

Aliyeng'ang'ania zaidi ni kaka mmoja mpiga picha za harusi. Alikuja mwenyewe kunipangia. Softiboksi ni ya sentimita 60 kwa 90, laki na kitu pamoja na standi. Akaisukuma mpaka mlangoni, kama mita tatu kutoka kwa mteja, mama mmoja aliyejipamba kwa ajili ya mahafali ya mwanawe. Picha ikatoka na kivuli kikali cha pua, doa jeupe kwenye paji la uso, na ukuta wangu wa kijani unaonekana wote, ufa na misumari. "Ongeza mwanga," kaka akasema, "ngozi yetu inakula taa." Tukaongeza, doa likakua. Mama akaitazama picha kwenye kioo cha kamera, akauliza taratibu: "Mwanangu, huyu ni mimi au jasho langu?"

Kaka alipotoka kununua maji, nikaivuta taa mpaka ukingo wake ukaingia kwenye picha, nikairudisha kidogo tu. Sentimita 70 hivi kutoka usoni. Nguvu ya flashi nikaishusha sana, hata betri ikashukuru. Boksi ni lile lile, lakini kwa uso ulio karibu sasa ni kama dirisha kubwa: mwanga unazunguka shavu, doa linatandazika, linakuwa mng'ao. Ngozi nyeusi inapendezeshwa na mng'ao huo, si na mwanga wa kumwaga.

Halafu ule ukuta. Kutoka kwenye boksi hadi pale ni karibu mara nne ya umbali wa uso, kwa hiyo mwanga unaoufikia ni sehemu moja tu ya 16. Kijani, ufa, misumari, vyote vikamezwa na giza. Wateja huniuliza kile kitambaa cheusi nimenunua wapi. Nacheka tu.

Shavu la upande wa pili likizama gizani, naning'iniza kanzu nyeupe kwenye mgongo wa kiti. Inarudisha mwanga vizuri tu, bila vile vibao vya kuuziwa. Ijumaa mchana kanzu ina kazi yake, natumia shuka. Kile kitambaa cha ndani ya boksi msikitoe, hata kama kinapunguza mwanga. Na standi ifungeni dumu la maji, maana feni ikishika kasi boksi linaanguka na mteja anacheka peke yake.

Mwenye miwani, ili taa isionekane kwenye vioo, pandisha taa juu, mwambie ashushe kidevu kidogo. Akikataa, mwombe avue miwani. Akikataa na hilo, chukua hela kwanza ndipo upige.